Fimbo ya Papa Didia: Vidokezo kwa Anayetaka Sangara Akiwa Nchi Kavu

Nikitoka nyumbani na fimbo yangu ya kuvulia imefungwa kwenye fremu ya baiskeli, hakosekani mtu njiani wa kuniuliza antena hiyo naipeleka wapi. Ana haki ya kuuliza. Didia hatuna ziwa. Tuna malambo ya kunyweshea ng'ombe, na humo kambare anavuliwa na watoto kwa ufito, uzi na kipande cha nyungunyungu. Ziwa lenyewe liko mbali: kutoka Shinyanga mjini mpaka Mwanza ni kama kilomita 160, na mtu wa Didia bado hajafika hata Shinyanga.

Lakini simu zimeingia kila kaya, na vijana wamekwisha kuona video za wanaume waliosimama kwenye mchanga, fimbo imejipinda kama upinde, mwisho wa mshipi kuna papa. Sasa wananifuata: "Mwalimu, fimbo kama ile inapatikana wapi?" Nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona niandike.

1. Mjue samaki kabla hujalijua duka.
Zile video nyingi zinatoka Namibia, pwani ya Bahari ya Atlantiki, karibu na miji kama Swakopmund na Henties Bay. Papa wa kule anaweza kuzidi kilo 100, ana meno ya kukata waya mwembamba, na mvuvi analazimika kutupa chambo ng'ambo ya mawimbi. Vifaa vyake vimeundwa kwa shida hizo tatu: uzito, meno, mawimbi. Na wengi wa wavuvi hao humrudisha papa baharini wakishapiga picha. Kama unawaza kumfuata wa kwetu Tanga au Kilwa kwa sababu ya mapezi, fahamu kwamba mwaka 2022, kwenye mkutano wa CITES kule Panama, familia nzima ya papa hao iliingizwa kwenye orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa.

Sisi wa huku tuna sangara. Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akawala furu mpaka wakakaribia kwisha, akakua. Anaweza kufika mita 2 na kilo 200. Aliyeandikwa kwenye rekodi ya dunia ya kuvuliwa kwa fimbo alitoka Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000: paundi 230, yaani kilo 104 na ushee. Wewe utakutana zaidi na wa kilo mbili, tano, saba. Wa mita moja, mwenye kilo kumi na kitu, atakupa hadithi ya kusimulia msimu mzima. Kwa hiyo duka likikuonyesha "fimbo nzito ya papa", jua kwamba nusu ya unacholipia ni mawimbi na meno ambayo huku hayapo.

2. Urefu ni mtego.
Huu nimeulipia kwa fedha yangu. Fimbo yangu ya kwanza ilikuwa ya futi 14, zaidi ya mita 4. Niliona fahari. Nikafika nayo mwaloni Nkome, upande wa Geita, nikasimama juu ya jiwe, nikarusha. Chambo kilikwenda mbali kweli. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu waliinua vichwa. Kisha samaki akashika, na hapo ndipo nilipojua kwamba ile fimbo ilikuwa inamsaidia yeye.

Fanya hesabu ya darasani. Chukua ndoo ya maji, iweke kwenye ncha ya mti mrefu, jaribu kuinua ukiwa umeshika mwisho wa pili. Sasa fupisha mti. Ndivyo ilivyo. Tuseme kitako cha fimbo kiko kiunoni na mkono wako wa mbele uko sentimita 70 kutoka hapo. Samaki akivuta kilo 7 kwenye ncha, na fimbo ingekuwa imenyooka, mkono wako ungebeba kilo 42 kwa fimbo ya mita 4.2, lakini kilo 27 tu kwa fimbo ya mita 2.7. Fimbo hujipinda, kwa hiyo mzigo halisi ni mdogo kuliko huo, ila tofauti kati ya hizo mbili haiondoki. Yule samaki wangu hakuwa mkubwa. Nilimtoa, alikuwa na kilo sita, na mgongo uliniuma siku tatu.

Futi 14 ni ya kuvuka mawimbi ya bahari. Kwenye mawe ya ziwa chukua futi 9 au 10. Isome pale juu ya mshikio: wameandika uzito wa kurusha, kwa gramu au kwa aunsi (aunsi 1 ni gramu 28). Tafuta inayobeba gramu 80 mpaka 150. Hapo unaweza kuweka risasi na chambo hai bila kuhofia kuvunja.

3. Fimbo za kuvutwa kama antena ya redio: hapana.
Kwa kambare wa lambo, sawa.

4. Nenda dukani na pamba mfukoni.
Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, na mtu wa Shinyanga hana kisingizio cha kukosa kifaa chake. Fimbo nyingi zinazotufikia ni za mtumba, au zimekaa dukani zikigongwagongwa. Kinachoharibika kwanza ni zile pete ambamo mshipi unapita. Ndani yake kuna duara la kauri, na kauri ikipata ufa huwezi kuuona kwa macho. Mshipi utauona. Utapita juu ya ule ufa mara mia, kisha siku ya samaki mkubwa utakatika, nawe utasema ni bahati mbaya.

Chukua kitonge cha pamba, hii hii ya shambani iliyokwisha tolewa mbegu. Kisokote kidogo, kipitishe ndani ya kila pete, ukizungusha taratibu kufuata ukingo wote. Pete nzima itaiachia pamba ipite kama ilivyoingia. Pete yenye ufa itaacha uzi mmoja mweupe umenasa, unapepea. Niliwahi kufanya hivyo mbele ya muuzaji mmoja, pete ya tatu ikabaki na nywele mbili za pamba. Akaitazama, akanitazama, akapunguza bei kabla sijafungua mdomo. Sikuinunua. Pete ya ncha ndiyo inayoumia zaidi, kwa hiyo ipitishie mara mbili.

Ukimaliza, mwombe mtu ashike ncha, wewe uinue kitako mpaka fimbo ijipinde kwa upole. Sikiliza. Ikitoa mlio wa kukwaruza pale vipande vinapoungana, iache.

5. Rili: uliza breki kabla ya namba.
Rili, zile mashine za kukunjia mshipi, zimeandikwa 6000, 8000, 14000, 20000. Watu wanazisoma kama vile ni nguvu za farasi. Ni ukubwa tu, na kila kampuni ina ukubwa wake. 8000 ya huyu inaweza kuwa ndogo kuliko 6000 ya yule. Penn, ambayo ilianzia Philadelphia mwaka 1932, ina namba zake. Shimano na Daiwa wana zao. Kwa sangara wa nchi kavu, ile ya kundi la 8000 inatosha. Ile ya 20000 ni nzito, na utakuwa umeishika tangu alfajiri.

Kinachoamua ni breki, zile sahani ndani ya bobini zinazoachia mshipi samaki anapokimbia. Breki mbovu haikosi nguvu, inakosa ulaini: inashika, inaachia, inashika tena, na kwenye kule kushika tena ndiko mshipi unakokatika. Dukani, kaza kiasi, vuta mshipi kwa mkono polepole halafu ghafla. Unataka utoke kwa mtiririko mmoja kama maziwa yanavyotoka kwenye kibuyu. Ukisikia kwa kidole kwamba unatoka kwa kuruka-ruka, mrudishie mwenyewe.

Nyumbani, ipime kwa ndoo. Kanuni ya wavuvi wa fimbo ni kwamba breki iachie kwenye theluthi ya nguvu ya mshipi, au chini kidogo. Mshipi wa paundi 50 unabeba kama kilo 23. Theluthi yake ni kilo 7 na kitu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Basi tia lita 6 kwenye ndoo, na ndoo tupu nayo ina karibu kilo moja yake, jumla 7. Panda juu ya meza, shika rili mkononi bila fimbo, funga mshipi kwenye ndoo, inua. Kaza breki mpaka ndoo inyanyuke, kisha legeza kidogo kidogo mpaka ianze kushuka yenyewe, taratibu, bila kudunda. Hapo ndipo pake. Weka alama kwa rangi ya kucha. Mke wangu hajaniuliza ile rangi yake ilikwenda wapi, na mimi sijamwambia.

Rili ikijigamba breki ya kilo 25, muulize muuzaji ni nani atakayeishikilia fimbo. Kilo 12 au 15 za juu kabisa zinakutosha.

6. Meno ya rili ni kama ya baiskeli.
Hapa sina haja ya kufundisha, Shinyanga nzima inaendesha baiskeli. Mwenye kubeba gunia anataka friwili yenye meno mengi: anakanyaga sana, anakwenda polepole, lakini mzigo unapanda. Kwenye boksi la rili utaona 4.7:1 au 6.2:1. Ya kwanza, mkono ukizunguka mara moja mshipi unazungushwa mara 4.7, ina nguvu. Ya pili ina mbio, ni ya watu wanaorusha chambo cha bati na kukivuta haraka. Wewe wa chambo hai na risasi, beba gunia.

7. Mshipi wa kusuka au wa nailoni? Vyote.
Mshipi wa kusuka wa paundi 50 una unene wa karibu nusu ya nailoni ya nguvu hiyo hiyo. Nusu ya unene ni robo ya nafasi, kwa hiyo bobini iliyojaa kwa mita 100 za nailoni itabeba kama mita 400 za kusuka. Ndiyo maana rili ndogo inatosha leo kwa kazi ambayo zamani ilitaka rili kama sufuria. Isitoshe haunyumbuki: samaki akigusa chambo huko mbali, unahisi kidoleni.

Una kasoro mbili. Ya kwanza: unateleza kwenye bobini tupu. Nilikaza breki, nikazungusha, na mshipi wote ukawa unazunguka kama pia huku samaki anaondoka zake. Anza na mizunguko kumi ya nailoni, ndipo uunge wa kusuka juu yake. Jaza mpaka milimita mbili chini ya ukingo, usizidishe, utatoka kwa mafundo.

Ya pili: mawe. Mwanza inaitwa jiji la miamba na si kwa utani, na upande wa Geita nako mawe hayakosekani. Mshipi wa kusuka ukikwaruza jiwe umekwisha. Weka mbele mita tano au sita za nailoni nene, paundi 80 mpaka 100. Wavuvi wa papa huweka waya, kwa sababu ya meno, tena mrefu kuliko samaki mwenyewe, maana ngozi ya papa ni msasa mtupu. Sangara hana meno ya kukata. Mdomo wake unakwaruza kama brashi ngumu, na silaha yake ni kile kifuniko cha shavu chenye ncha. Usimshike hapo. Waya usinunue.

Fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza.

8. Ndoano ya duara.
Ile yenye ncha iliyogeukia ndani. Inaonekana kama haiwezi kunasa kitu, lakini samaki akigeuka inamshika pembeni ya mdomo, si tumboni. Kosa la wageni ni kuivuta ghafla kwa nguvu wakihisi mguso; inatoka tupu. Wewe zungusha rili tu, polepole, fimbo ijae yenyewe. Kwa chambo, waulize wenye migonzo (mishipi mirefu ya ndoano nyingi) hapo mwaloni: kambare mdogo aliye hai habishiwi.

9. Fimbo isafiri kwenye bomba.
Ile ya futi 14 haikufa vitani. Kondakta aliiweka kwenye buti la basi, juu yake yakaja magunia matatu ya vitunguu. Ncha ilivunjika sentimita 20. Tangu hapo natumia bomba la plastiki la maji, la inchi tatu, na mifuniko yake miwili, tambara ndani. Fimbo ya futi 10 ya vipande viwili inaingia kwenye bomba la mita 1.6, na bomba linalala chini ya viti. Kwenda Geita kumekuwa rahisi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Zamani nilikuwa nasubiri kivuko huku nimelikumbatia bomba, na askari wawili kwa nyakati tofauti walitaka kujua kuna nini ndani. Chakula cha safari: matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Hayaharibiki kwa joto, hayamwagiki, na vidole vinabaki vikavu kwa kushika mshipi.

10. Ukifika mwaloni, salimia kwanza.
Tafuta viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) na afisa uvuvi, eleza umekuja na nini, uliza leseni. Dakika kumi hizo zitakuokolea siku nzima. Sangara chini ya sentimita 50 ni haramu, kwa hiyo chora alama ya sentimita 50 kwenye fimbo yenyewe, upimie hapo hapo. Maji ya Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Kuna uvuvi wa michezo kwa kibali cha TANAPA, na bila kibali wewe ni jangili tu mwenye rili nzuri. Sangara mkubwa sana, ukiweza mrudishe. Wakubwa wengi ni majike, wana mayai kwa mamilioni. Najua bei ya bondo, kile kibofu chake cha hewa, usinikumbushe.

11. Usiingie majini.
Kwenye video wanasimama kwenye maji mpaka magotini. Wao hawana mamba, viboko wala kichocho. Simama kwenye jiwe kavu, na urudi nyuma hatua nne kutoka ukingoni, hasa jioni. Mshipi wa kusuka usiuzungushe mkononi hata kama umenasa kwenye jiwe. Funga kwenye kijiti uvute kwa kijiti, vidole havioti upya.

Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: fimbo za kaboni hupitisha umeme. Ziwa Victoria lina radi nyingi mno, hasa usiku kuelekea alfajiri, saa zile zile ambazo sangara anakula. Ukisikia ngurumo, ilaze fimbo chini, ondoka kwenye jiwe la juu. Chini ya nyaya za TANESCO usipite umeisimamisha. Kama unanunua moja ya maisha, fimbo ya faiba ni nzito zaidi, lakini haivunjiki kirahisi, inasamehe makosa, na bei yake ni ya watu.

12. Vumbi letu ni baya kuliko chumvi yao.
Wavuvi wa baharini wanahangaika na kutu. Sisi tuna vumbi la mbuga, ambalo likichanganyika na grisi linakuwa msasa ndani ya rili. Ukirudi nyumbani kaza breki kidogo maji yasiingie, ifute rili kwa kitambaa chenye maji, usiitumbukize kwenye karai. Ikikauka, legeza breki yote mpaka mwisho, zile sahani zipumzike, kisha ivishe soksi kuukuu. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kile kigurudumu kidogo ambapo mshipi unakatia kona. Kikigoma kuzunguka, mshipi unakisaga, nacho kinausaga mshipi.

Yangu inaning'inia nyuma ya mlango na soksi yake ya bluu. Jumamosi iliyopita jirani aliingia kuazima jembe, akaitazama kwa muda, akauliza kama inashika na redio ya Kigali.